Shajara ya mradi: ruzuku ya mbolea na orodha isiyobandikwa

Januari, wiki ya pili

Kazi imeanza rasmi, kwa chai ya tangawizi na kompyuta moja ya kuazima. Tuko watatu. Mimi naandika habari za kilimo hapa Mbeya. Mwenzangu ni binti wa kompyuta aliyechoka kutengeneza tovuti za hoteli. Wa tatu ni bwana shamba mstaafu ambaye wote tunamwita Mzee, na sijui kijiji cha ukanda huu ambacho hana mtu wa kumpigia simu.

Tunataka kutengeneza vitu viwili. Kwanza fomu ya ukurasa mmoja ambayo serikali ya kijiji inaweza kuijaza na kuibandika ubaoni, ikionyesha ruzuku ya mbolea ilivyofika kijijini hapo. Pili jedwali la wazi la kitaifa, linalofunguka hata kwenye simu ya bei rahisi, likionyesha fedha ya ruzuku imekwenda kwa nani. Mfadhili hatuna na hatujamtafuta. Mfano ukikamilika tutaugawa kwa halmashauri na vikundi vya wakulima, atakayeupenda autumie.

Kwa asiyefuatilia: Nane Nane ya 2022, hapa hapa Mbeya kwenye viwanja vya John Mwakangale, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea wa Sh150 bilioni. Bei ya dunia ilikuwa imepaa, vita ya Ukraine ikaichochea zaidi, na mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ukavuka Sh130,000. Kwa ruzuku ukashuka hadi Sh70,000. Kuupata, mkulima anajiandikisha kijijini au mtaani kwake, anatumiwa namba kwenye simu, anakwenda nayo kwa wakala, wakala anaiingiza kwenye mfumo unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA), mfuko unatoka.

Ukilinganisha na vocha za karatasi za zamani, mfumo huu umeziba mianya mingi na mimi si miongoni mwa wanaoubeza. Ila kuna jambo umeliondoa kimyakimya. Enzi za vocha majina yalisomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Sasa mkulima anaona namba yake, wizara inawaona wote, na jirani haoni chochote. Jirani ndiye anayejua nani ana ekari mbili na nani amejiandikisha ekari kumi.

Mgawanyo wa kazi: binti anasoma ya Ulaya, mimi nasoma ya India na Malawi, Mzee anatafuta makaratasi ya enzi za vocha kabla panya hawajayamaliza.

Januari, mwishoni

Mzee amerudi na kaunta buku yenye jalada lililong'oka. Ni ya mama mmoja aliyekuwa katibu wa kamati ya vocha ya kijiji chake wakati wa NAIVS, ule mpango wa vocha za pembejeo ulioanza kusambaa nchini msimu wa 2008/09, kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 160. Tumeipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Kesho inarudi kwa mwenyewe. Alimwambia Mzee ikipotea asikanyage tena kwake.

Nimekaa nayo jioni nzima. Mistari imepigwa kwa rula na biki nyekundu. Safu zake: namba, jina la mkuu wa kaya, kitongoji, ekari, vocha ya mbolea ya kupandia, vocha ya urea, vocha ya mbegu, sahihi au dole gumba. Wino wa dole gumba umepenya hadi ukurasa wa nyuma. Pembeni, kwa penseli, kuna maneno mafupi yenye habari kuliko safu zote: "amehama", "hakuja mkutanoni", "hana ya kuongezea, amempa shemeji", na mahali pamoja, bila maelezo yoyote, "mwenyekiti amesema".

Masharti ya mpango ule yalikuwa mazuri kwenye karatasi. Kamati ya kijiji ya watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, inapendekeza majina, mkutano mkuu wa kijiji unayapitisha. Anayestahili ni mkulima mkaazi, anayelima mahindi au mpunga usiozidi hekta moja, aliye tayari kuchangia. Kaya zinazoongozwa na wanawake zitangulie, na wale ambao hawajatumia pembejeo miaka ya karibuni. Vocha ilitosha ekari moja na ilifidia nusu ya bei. Nusu iliyobaki ni ya mkulima mwenyewe, na hapo ndipo penseli ya "hana ya kuongezea" ilipozaliwa: aliyelengwa kwa sababu ya umaskini alikwama kwa umaskini huohuo, vocha ikahamia kwa mwenye uwezo huku jina lake likibaki kwenye orodha.

Tukampigia mama katibu, simu ikawekwa sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mwandiko wangu mmeuweza?"

Nikamuuliza kama orodha ilibandikwa.

"Ilibandikwa, mvua ikaichana. Lakini kusomwa ilisomwa, na siku hiyo hakuna aliyesinzia. Ukitaja mtu mwenye trekta watu wanaguna mpaka unaruka jina."

"Na hapa ulipoandika mwenyekiti amesema?"

Akacheka sana. "Mwenyekiti akisema, mwanangu, mnagunia moyoni."

Kicheko hicho kina takwimu yake. Lei Pan na Luc Christiaensen walichapisha mwaka 2012 utafiti walioufanya mkoani Kilimanjaro kuhusu ugawaji wa vocha hizi. Walikuta kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa zilichukua kama asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa. Majina yalisomwa, mkutano ukapitisha, na bado. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ubao peke yake ni dawa. Wanakijiji walikuwa wanaona. Kilichokosekana ni pa kupeleka walichokiona, kwa maana aliyelalamikiwa ndiye aliyekuwa anapokea malalamiko.

Uamuzi: fomu yetu lazima iwe na mstari wa chini unaosema malalamiko yanapelekwa wapi, na jibu lisiwe "kwa mwenyekiti".

Februari, katikati

Zamu ya binti. Amesoma Ulaya mpaka macho yamekuwa mekundu, na ameleta mambo ya kutosha kutufanya tusile mchana.

Umoja wa Ulaya hutumia karibu theluthi ya bajeti yake kwa kilimo: yuro bilioni 387 hivi kwa miaka 2021 hadi 2027. Kwa miongo mingi fedha hiyo ilitoka na hakuna raia aliyejua inaingia mfukoni mwa nani. Mwaka 2004 waandishi wa Denmark, akiwemo Nils Mulvad, walifanikiwa kupata takwimu za nchi yao. Mwaka uliofuata Mulvad na wenzake wakaanzisha farmsubsidy.org, wakawa wanaomba takwimu nchi moja baada ya nyingine. Uingereza sheria yake ya haki ya kupata habari ilipoanza kazi Januari 2005, majina yalitoka miezi michache tu baadaye. Watu waliokuwa wanamfikiria mkulima mdogo na ng'ombe wake wanne wakakuta juu kabisa ya orodha kampuni ya sukari ya Tate & Lyle, na ndani yake Malkia Elizabeth kwa ajili ya mashamba ya Sandringham.

Umoja wenyewe ukaona afadhali iwe sheria: kila nchi itangaze majina yote na kiasi, kila mwaka. Hapo wakulima wa jimbo la Hesse, Ujerumani, wakaenda mahakamani. Mmoja ni ubia wa kifamilia uitwao Volker und Markus Schecke, mwingine ni mkulima Hartmut Eifert. Hoja yao ni kwamba jina langu, kijiji changu na kipato changu kuwekwa mtandaoni dunia nzima isome ni kuniingilia maisha. Tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliwapa ushindi wa nusu. Kampuni zinaweza kutangazwa. Watu binafsi, hapana, kwa namna ile.

Hukumu hii tumeijadili kuliko kitu kingine chochote. Mahakama haikusema ni haramu kutaja jina la mkulima. Ilikubali kwamba mlipakodi ana haki ya kujua. Ilichokataa ni kwamba watunga sheria waliwaweka wote kapu moja bila hata kufikiria njia nyepesi zaidi: kutofautisha kwa kiasi mtu alichopata, kwa muda aliopokea, kwa mara ngapi. Mwaka 2013 sheria ikarudi ikiwa imenyolewa vizuri. Majina yakarejea, ila mkulima mdogo anayepata chini ya kiwango fulani, kwa kawaida yuro 1,250, jina lake linafichwa na kuwekwa alama. Na kama manispaa ina wapokeaji wachache kiasi kwamba hata bila jina watu watamjua ni nani, inaandikwa ngazi ya juu yake badala ya manispaa yenyewe.

Mzee aliposikia hilo la mwisho akapiga meza. Kitongoji chenye kaya saba kinazungumziwa hapo, alisema, na hao Wazungu hawajawahi kufika kwetu.

Lililonikera mimi: majina yanakaa hewani miaka miwili tu, kisha yanaondolewa. Anayetaka kujua mtu amepokea nini kwa miaka kumi inabidi amtegemee aliyehifadhi nakala. Kazi hiyo imebaki kwa watu wa pembeni. Siku hizi farmsubsidy.org inaendeshwa na FragDenStaat ya Ujerumani, jukwaa linalosaidia raia kuomba taarifa za serikali.

Halafu binti akatusomea habari ya Ján Kuciak na hatukuongea kwa muda. Mwandishi kijana wa Slovakia aliyekuwa anachimbua jinsi watu wenye uhusiano na mafia ya Calabria, Italia, walivyojikita mashariki mwa nchi hiyo, pamoja na ruzuku za kilimo za Ulaya walizokuwa wanapokea. Aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Februari 2018 pamoja na mchumba wake, Martina Kušnírová. Habari yake ya mwisho ilichapishwa haijamalizika.

Februari, mwishoni

India na Malawi, kwa kifupi.

India ina PM-KISAN tangu Februari 2019: rupia 6,000 kwa mwaka, kwa mafungu matatu, moja kwa moja benki ya mkulima. Mtu yeyote anaweza kufungua tovuti, akachagua jimbo, wilaya, kijiji, akasoma majina. Ndicho tunachokiota sisi. Lakini Januari 2021, ombi lililowasilishwa chini ya sheria yao ya haki ya kupata habari lilionyesha kwamba watu zaidi ya milioni 2 wasiostahili walikuwa wamelipwa, jumla rupia bilioni 13.64, na zaidi ya nusu yao walikuwa walipa kodi ya mapato, watu ambao masharti yanawaondoa waziwazi. Orodha ilikuwa wazi muda wote. Jirani anajua shamba lako, hajui makato ya mshahara wako. Hilo linahitaji kompyuta mbili za serikali zizungumze.

Malawi, mpango wa kuponi ulioanza 2005/06: machifu katika vijiji vingi waligawa upya kuponi ili kila kaya ipate kidogo, badala ya wachache kupata mfuko mzima na wengine kununa. Wakaguzi waliita hilo kasoro. Mzee anasema chifu alikuwa na akili kuliko mkaguzi. Sijashawishika, maana mbolea kilo tano kwa ekari ni sawa na kunyunyizia chumvi baharini, lakini naelewa chifu ndiye anayebaki kijijini gari la mkaguzi likishaondoka.

Machi, wiki ya kwanza

Leo mradi umegeuka kichwa chini miguu juu, na ninafurahi.

Binti alileta karatasi ya manila, akachora fedha inavyotembea. Ulaya: hazina, wakala wa malipo wa nchi, akaunti ya mkulima. India: hazina, akaunti ya mkulima. Kisha akachora yetu. Hazina inatoa fedha ya ruzuku, mshale unaenda kwa wasambazaji wa mbolea, unaishia hapo. Mkulima yuko upande wa pili na mshale wake unaelekea dukani: bei iliyopunguzwa, kutoka mfukoni mwake.

"Sasa niambieni," akasema, "hapa aliyelipwa na serikali ni nani?"

Tukawa kimya. Mkulima wa Tanzania hapokei hata senti moja. Anapunguziwa bei. Anayepokea fedha ya umma ni aliyeuza. Tungenakili orodha ya Ulaya kama ilivyo, tungekuwa na mamilioni ya majina ya wakulima ambao hakuna aliyewalipa, wakati waliolipwa kweli hawaonekani popote kwenye ukurasa. Na ukitafuta mwenzake Tate & Lyle kwetu, usimtafute kwenye daftari la kijiji. Yuko kwenye ankara.

Nikarudi kwenye vocha. Kumbe hata enzi zile ilikuwa hivyohivyo: mkulima anampa wakala vocha na nusu yake ya bei, wakala anapeleka vocha benki ya NMB kulipwa. Orodha ya kijiji ilikuwa upande mmoja wa hesabu. Upande wa pili, vocha ngapi wakala yupi amezigeuza fedha, haukusomwa mkutanoni. Baada ya hapo ikaja ile sakata ya madai ya msimu wa 2015/16, mawakala wakilia kwamba hawajalipwa, serikali ikisema inahakiki kwanza, na uhakiki ukaibua madai ya kughushi. Waliopeleka pembejeo kweli na waliopeleka karatasi tu wakasubiri foleni moja kwa miaka. Wapo waliouziwa nyumba na benki kabla ya kulipwa. Kama hesabu ya kila wakala ingekuwa imebandikwa kijiji kwa kijiji msimu uleule, mkutano ungezitenganisha kwa asubuhi moja.

Hata Ulaya yenyewe, yenye majina mpaka ya mfugaji wa nyuki, ilipigwa upande iliokuwa haiangalii. Mwaka 2025 Ugiriki ilitozwa faini ya zaidi ya yuro milioni 390 kwa sababu ya usimamizi mbovu wa malipo ya ruzuku. Watu walidai malisho ambayo hawakuyamiliki wala kuyakodi, na mawaziri wakajiuzulu. Majina yalikuwa hadharani. Ardhi iliyodaiwa ndiyo haikuwa.

Uamuzi: jedwali la kitaifa halitakuwa na jina la mkulima hata mmoja. Litakuwa na kampuni, wakala, kata, aina ya mbolea, mifuko, kiasi cha ruzuku kilicholipwa na tarehe ya malipo. Majina ya wakulima yanabaki ngazi ya kijiji, kwa wanaojuana.

Mzee amekubali, kwa sharti kwamba binti amchoree mchoro huo kwenye karatasi ndogo autembeze.

Aprili

Barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na inaipa taasisi siku 30 za kujibu. Tumeandikia halmashauri moja ya nyanda za juu kusini tukiomba kitu kimoja: jumla ya mifuko ya ruzuku kwa kila kata na kwa kila wakala, msimu uliopita. Hatukuomba jina la mkulima yeyote. Barua imegongwa muhuri wa kupokelewa na nakala tunayo.

Tulijua kichaka cha kwanza cha kujifichia kitakuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ndiyo maana barua imeandikwa hivi. Jumla ya mifuko si taarifa binafsi ya mtu. Na kampuni iliyosajiliwa ikilipwa fedha ya umma, hata ile mahakama ya Ulaya iliyowaonea huruma wakulima wa Hesse haikuona tatizo itajwe.

Siku 30 zimepita. Simu inajibiwa kwa adabu: inashughulikiwa. Sheria inaruhusu kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi na kisha rufaa kwa waziri. Ombi la mapitio limeshapelekwa. Wenzetu Kenya, kwa sheria yao ya mwaka huohuo wa 2016, wana siku 21, na akinyimwa mtu analalamika kwenye Tume ya Haki ya Utawala, ambayo si sehemu ya ofisi iliyomnyima. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uwe wewe unayesubiri.

Kenya pia imetupa mfano wa kwa nini safu ya kampuni ni muhimu. Mwaka 2024 ilipogundulika mbolea feki kwenye mpango wa ruzuku, Mithika Linturi, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, akapelekwa bungeni kung'olewa, akanusurika. Mkulima aliyekuwa ameshamwaga mifuko shambani alikuwa na maswali ya kawaida kabisa: mfuko wangu umetoka kampuni gani, umepita ghala gani, na nani mwingine kauziwa.

Mei

Jaribio la kwanza la fomu, kwenye mkutano wa kijiji ambacho Mzee alifanya kazi zamani. Tulipewa nafasi baada ya kusomwa mapato na matumizi, jambo ambalo ni bahati, maana watu walikuwa tayari wamepasha moto. Fomu tuliiandika kwa herufi kubwa kwenye manila, tukaijaza kwa kuuliza palepale: nani alipata mifuko mingapi, kwa wakala yupi, lini. Wa hiari tu.

Aliyepinga wa kwanza alikuwa kijana mkulima wa viazi, na alipinga vizuri. "Kaka, mbolea nimenunua kwa hela yangu. Mkibandika kwamba nimechukua mifuko ishirini, wanaonidai wote watakuja asubuhi. Serikali itanilipia deni?" Watu wakacheka, lakini wengi waliitikia kwa kichwa. Ndiyo hoja ya Schecke, imesemwa kwa maneno mia pungufu. Tukapendekeza mpaka: chini ya idadi fulani ya mifuko iandikwe tu "amepata", juu yake iandikwe idadi kamili. Mabishano ya mpaka uwe mifuko mingapi yalichukua muda mrefu kuliko yote na hayakuisha. Wenye mashamba makubwa walitaka uwe juu, wenye ekari moja walitaka uwe chini, kama ilivyotarajiwa.

La pili hatukulitegemea. Mama mmoja mjane alisimama akasema yeye ndiye analima, lakini kwenye mfumo ameandikishwa shemeji yake kwa sababu shamba linaitwa la ukoo na simu ni ya shemeji. Namba inakuja kwa shemeji, shemeji ndiye anaamua mifuko mingapi inafika kwake. Wakajitokeza na wengine. Kaunta buku ya mama katibu ilikuwa na safu ya mkuu wa kaya tu, na sisi tulikuwa tumeinakili safu hiyo kama ilivyo. Fomu sasa ina safu mbili: jina lililoandikishwa, na anayelima.

Kisha mzee mmoja wa nyuma, kofia magotini, akauliza swali ambalo mshale wa binti ulikuwa unalisubiri: "Majina yetu tunayajua. Wakala wetu alipokea mifuko mingapi?"

Hakuna aliyejua. Mtendaji wa kijiji, ambaye kwa haki ametupa ushirikiano wote, alisema hata yeye hana. Anajua walioandikishwa kwa sababu ndiye aliyewaandikisha. Mzigo ukishuka dukani hapigiwi simu. Kuna msimu, watu wakasema, waliambiwa mbolea imekwisha, wiki hiyohiyo ikaonekana gulioni kwa bei kubwa. Kila mtu ana uhakika ilitoka wapi na hakuna mwenye karatasi.

Juu kabisa ya fomu, kabla ya jina lolote, tumeongeza kisanduku: mifuko iliyopokelewa na wakala, tarehe, namba ya hati ya kupokelea, mifuko iliyouzwa, iliyobaki. Wakala anasaini, mtendaji anasaini. Jumla ya mifuko ya majina ya chini isipolingana na kisanduku cha juu, mtoto wa darasa la nne ataliona.

Juni

Hali ilivyo leo.

Fomu ya kijiji iko toleo la nne na inatosha upande mmoja wa karatasi ya A4. Mstari wa malalamiko unataja ofisi ya wilaya na TAKUKURU. Namba za simu za wakulima tumezitoa kabisa. Hazimsaidii anayekagua na zinawasaidia matapeli wa "tuma kwenye namba hii". Mpaka wa mifuko tumeuacha wazi, kila mkutano mkuu ujiamulie na uandike kwenye muhtasari. Binti hakupenda, anasema takwimu za vijiji viwili hazitalinganishwa. Ni kweli. Lakini mpaka uliotoka mjini utabishaniwa kila msimu, wa kwao wenyewe watautetea.

Jedwali la kitaifa lina safu zote na halina takwimu. Binti amelijaza mifuko ya kubuni kwa ajili ya majaribio na ameandika JARIBIO kwa herufi nyekundu kila ukurasa, nilivyomsihi, maana picha ya skrini ikishaingia kwenye makundi ya simu hairudi. Linafunguka kwenye simu ya Mzee, ambayo kioo chake kimepasuka kutoka kona hadi kona. Kumbukumbu hazifutwi baada ya miaka miwili. Hilo tumeliweka kama kanuni ya kwanza.

Halmashauri imejibu ombi la mapitio: inatuelekeza tuombe ngazi ya taifa. Barua hiyo inaandikwa wiki hii, ikiomba malipo ya ruzuku kwa kila kampuni, kwa msimu na kwa mkoa. Wakati huohuo nimemwomba mwanasheria rafiki asome kama halmashauri inaweza kweli kusema haina takwimu za wilaya yake yenyewe.

Wakala mmoja, wa kwanza na wa pekee mpaka sasa, amekubali kujaza kisanduku cha juu kwa hiari msimu ujao. Sababu yake haina uzalendo wowote: amechoka kuitwa mwizi gulioni kwa mifuko ambayo hakuwahi kuletewa, na anataka mtendaji asaini siku lori likifika. Mzee anakwenda kumpelekea fomu Jumamosi, pamoja na nakala tatu za kaboni.